"ITAINGIA TU" NI NENO LITAKALOKUFUKUZIA WATEJA

Leo sina mbinu ya kupata wafuasi wala ya kupiga picha za bidhaa. Leo nataka kubishana na ushauri mmoja tunaopeana kila siku: "Mteja akiulizia kitu, usimwambie huna. Mwambie kipo, halafu katafute."

Huo ushauri niliufuata, na ulinitokea puani. Kwa anayeuza nguo au kava za simu labda unafaa, sijui. Lakini kwa anayeuza vipuri, hasa vile vidogo vidogo vya kuunganisha, nasema wazi: usiseme "ipo" na usiseme "itaingia" kabla hujapima. Bora mteja akukimbie leo kuliko arudi kesho na mashine iliyokufa.

Niko Rugu, huku Karagwe. Duka ni dogo, wateja wengi wananikuta kwenye simu, Facebook na status ya WhatsApp. Nauza viungio vya mipira: nipo, tii, elbo, bushi na klipu. Ni vya mabomba ya kupiga dawa, pampu za maji, kompresa za mafundi pancha na mipira ya upepo kwa ujumla. Ni biashara ya vitu vya elfu mbili, elfu tatu. Watu wananicheka. Lakini kumbuka, hicho cha elfu tatu kikikatika, mashine ya laki kadhaa inalala. Ndiyo maana mteja akikipata kwako hakusahau, na ukimpa kisicho sahihi hakusahau vilevile.

KILICHONITOKEA

Mzee mmoja wa upande wa Kyerwa alinitumia picha. Kiungio kilichokatika, kile kinachofunga mpira kwenye pampu ya bomba lake la injini la kupulizia dawa. Picha yenyewe ina ukungu, kimeshikwa mkononi, hakuna rula, hakuna chochote cha kulinganisha. Akaandika: "Kijana, hii unayo?"

Nikaangalia boksi langu, nikaona cha shaba kinachofanana. Nikamjibu haraka kabla hajaenda kwa mwingine: "Shikamoo mzee. Ipo, itaingia tu." Akatuma pesa, nikakipandisha kwenye gari, siku ya pili kikamfika. Faida yangu ilikuwa elfu tatu. Nikajiona mjanja.

Kiungio kiliingia. Raundi mbili, kikagoma. Mzee akadhani ni kigumu kwa sababu ni kipya, akaongeza nguvu ya spana. Mdomo wa pampu ni wa aluminiamu, kiungio changu ni cha shaba. Shaba ikala aluminiamu, nyuzi za pampu zikafutika.

Sasa ilikuwa wakati wa mvua, na mzee ana nyanya. Wanaolima mnajua bakajani ikikuta shamba lina unyevu na baridi haisubiri wiki. Akaazima bomba la mgongoni kwa jirani, akapiga dawa kidogo kidogo. Sehemu ya juu ikapona, ya bondeni ikaondoka.

Alinipigia. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulipima?"

Sikuwa nimepima. Nilikuwa nimeangalia.

Nikaifuata ile pampu mwenyewe, nikaipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma pale Kayanga. Akachonga bushi, akatengeneza mdomo upya. Gharama nikalipa mimi, pamoja na nauli ikafika elfu ishirini na tano. Weka mezani: faida elfu tatu, hasara elfu ishirini na tano, na nyanya za mtu ambazo sikuweza kuzilipa.

Fundi ndiye alinionyesha kosa langu. Uzi wa pampu ulikuwa wa mita, milimita 14, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita moja na nusu. Changu kilikuwa uzi wa bomba wa robo inchi. Huo kwa nje ni milimita 13 na kidogo, na nyuzi zake zimekaribiana zaidi. Ukiviweka pamoja mezani, kwa jicho ni pacha. Ukivifunga, raundi mbili za kwanza vinakubaliana, ya tatu vinagombana.

JINA NI MANENO, KIPIMO NDIO BIDHAA

Hapo nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, na wala shuleni sikukisikia: majina ya vipuri yanadanganya.

Chukua "nusu inchi". Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nusu ingekuwa 12.7, sio? Sasa pima nje ya uzi wa bomba la nusu inchi. Utapata karibu milimita 21! Sababu ni kwamba hayo majina yalitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Ukuta wa bomba ukabadilika, jina likabaki. Andika hizi ukutani dukani kwako, ni za uzi wa bomba wa Kiingereza, BSP, ambao ndio umejaa kwenye maduka yetu ya mabomba:

- Robo inchi: nje karibu milimita 13.2
- Tatu ya nane: karibu 16.7
- Nusu: karibu 21
- Robo tatu: karibu 26.4
- Inchi moja: karibu 33.2

Halafu kuna uzi wa Kimarekani, NPT. Unaitwa kwa majina yaleyale, robo na nusu, ila sio uleule. Robo ya BSP ina nyuzi 19 ndani ya inchi moja, robo ya NPT ina nyuzi 18. Mteja akikuandikia "nataka robo", hajakwambia kitu bado.

Na mipira ina mtego wake. Nipo ya meno, ile unayosukumia ndani ya mpira halafu unafunga klipu, inapimwa kwa tundu la NDANI la mpira. Kiungio cha kuchomeka, kile unachopenyeza bomba la plastiki la upepo likajishika lenyewe, kinapimwa kwa unene wa NJE. Kwa hiyo mtu akisema "ya mpira wa nane", muulize: nane ya ndani au nane ya nje? Nimeona watu wanarudishiwa mzigo mara mbili kwa kutouliza hivyo tu.

MASWALI YANGU MATANO

Siku hizi mteja akituma picha, kabla ya bei namwandikia haya:

1. Mashine gani, na kiungio kinakaa sehemu gani? Nataka picha ya mashine nzima, sio ya kipande tu.

2. Piga picha kikiwa kimelala juu ya rula ya mwanafunzi, simu iwe juu yake moja kwa moja. Ukipiga kwa upande, milimita zinadanganya. Hana rula? Azungushie kipande cha karatasi, aweke alama inapokutana, aende kwa mtoto wa jirani mwenye rula. Urefu huo ukigawanya kwa 3.14 unapata unene wa nje.

3. Tundu la ndani ni ngapi? Hapa biti za drili zinasaidia sana, na fundi yeyote anazo. Achomeke upande laini, sio wenye ncha. Biti inayoingia bila kucheza ndiyo namba yake.

4. Kinapita nini: maji, dawa, mafuta au upepo? Mpira na plastiki ya maji vinaweza kuharibiwa na petroli. Kikifaa kwa vipimo tu, bado hakijafaa.

5. Kinasukumwa au kinavutwa? Hili wengi hawaulizi. Upande wa kusukuma, kiungio kikilegea unaona: maji yanatiririka, upepo unapiga mluzi. Upande wa kuvuta huoni kitu. Pampu ya maji inanguruma na haipandishi maji, mtu anadhani pampu imekufa, kumbe kwenye kiungio cha mpira wa kuvutia panaingia hewa. Na mpira laini ukiuweka upande wa kuvuta unajikunja kama mrija wa juisi.

Maswali matano, dakika kumi. Kwa uzi wenyewe nina kalipa na kile kipimo cha vibamba vyenye meno. Nyuzi 18 na 19 kwa jicho usijidanganye, hata mimi sijiamini. Kama unaanza, hivyo viwili ndivyo mtaji wa kwanza, kabla ya taa ya kupigia picha.

UNAVIPATA WAPI VIGUMU KUPATIKANA?

Hili naulizwa sana. Jibu langu: acha kutafuta jina, tafuta kazi yake.

Kuna mtu alihitaji tii ndogo ya mpira wa ndani milimita nne. Kwenye maduka ya mabomba hamna, mpaka wakamcheka. Lakini ukijiuliza nani mwingine duniani anagawa kitu kupitia mpira mdogo hivyo, unakuta wengi. Wa umwagiliaji wa matone wanayo. Kwenye magari, mpira wa maji ya kuoshea kioo una tii kama hiyo. Wanaofuga samaki wa mapambo wanayo ya kupeleka hewa majini. Kitu kilekile, duka jingine, jina jingine. Ila rudi kwenye swali la nne: ya matone ni ya maji na presha ndogo, usimpe mtu wa kompresa.

Njia yangu inakwenda hivi. Kwanza mafundi wa hapahapa na mashine zilizokufa. Pampu mbovu ikiuzwa bei ya chuma chakavu, naichukua, viungio vyake navitoa na kuvipima. Pili, maduka ya Kayanga na Omurushaka, nikiwa na sampuli mfukoni. Tatu, Bukoba na Mwanza. Nne, Dar, Kariakoo na Gerezani, kwa kutuma vipimo na picha yenye rula. Wenye njia ya Kampala kupitia Mutukula mnaweza, ila lipia ushuru na utunze risiti. Kuficha kiungio cha elfu tatu ili upoteze mzigo mzima ni ujinga. Tano, fundi wa kuchonga. Wakati mwingine kuchongesha kimoja ni rahisi kuliko kukisubiri wiki tatu.

Kuagiza China ninafanya kwa vile vinavyorudiwa tu, kwa sababu wanataka ununue vingi. Na usikubali picha nzuri peke yake. Omba mchoro wenye vipimo na aina ya uzi. Muuzaji akikwambia inaingia kwenye mashine zote, huyo ni wewe wa zamani.

KINANDA KINACHOJIPIGA

Nilipokuwa natafuta ile tii mtandaoni nikakutana na kitu cha ajabu. Kuna piano za zamani, zilipendwa sana Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, zinajipiga zenyewe bila umeme. Ndani kuna karatasi ndefu iliyotobolewa matundu, inajiviringisha taratibu juu ya bamba la shaba lenye vitundu. Mtu anakanyaga kwa miguu, mifuko ya hewa inavuta. Tundu la karatasi likipita juu ya kitundu, hewa inaingia kwenye kimpira chembamba, inafungua valvu, kimfuko kingine kinavutwa na noti inalia. Kila noti na kimpira chake!

Ile mipira imezeeka, inakauka na kupasuka, na wanaozitengeneza leo wanahangaika na viungio kama mimi na wewe. Wanapima ndani, wanapima nje, wanatafuta nipo za shaba na tii za kufanana. Viwanda vingi vilivyoziunda vilishakufa, na ndani kila kimoja kilikuwa na mtindo wake, kwa hiyo jina la kiwanda peke yake halimsaidii fundi. Kipimo kinamsaidia.

Ila kuna sehemu moja hawahangaiki nayo sana: zile karatasi. Mwanzo kila kampuni ilikuwa na zake, za noti 65 na nyingine, karatasi ya huyu haichezi kwa yule. Mwaka 1908 wenye viwanda wakakutana mji wa Buffalo, Marekani, wakakubaliana: noti 88, matundu 9 kwa kila inchi. Basi. Mpaka leo karatasi ya kampuni moja inaingia kwenye piano ya kampuni nyingine, kwa sababu watu waliosindana sokoni walikaa wakakubaliana namba.

Nikawaza, sisi wenyewe kwa wenyewe hatujakubaliana hata "ya nane" ni ya ndani au ya nje, halafu tunashangaa mizigo inarudi. Tukianza kuandika kwenye matangazo yetu "ndani 8, uzi BSP robo, shaba" badala ya "nipo kali ya bomba, bei chee", mteja wa Nkwenda na muuzaji wa Mwanza wataelewana bila kuonana.

BEI, NA KUSEMA SINA

Najua utaniuliza: maswali yote haya kwa kitu cha elfu tatu? Na mteja akikimbia je?

Wapo wanaokimbia, siwezi kukudanganya. Mwingine anaandika "kama huna sema" anapotea. Lakini kuna faida usiyoiona siku hiyo. Kiungio chenyewe elfu tatu, kukituma elfu tatu. Kikirudi, umelipa usafiri mara mbili au tatu, faida ya viungio vitano imekwisha, na maneno yameshazunguka. Huku kwetu watu wanajuana mpaka kwa ukoo. Aliyeumizwa hahitaji kuandika kwenye ukurasa wako, anasema mnadani tu.

Na bei yangu nimeitenganisha. Namwambia mteja: kiungio ni hiki, usafiri ni huu, kukitafuta ni hiki. Kama nimezunguka siku mbili kwa ajili yake, nalipwa kwa kuzunguka. Mwanzo nilikuwa naona aibu. Sasa naona kujua kipimo ndiyo kazi yenyewe, shaba mtu yeyote anayo. Nikiagiza kimoja cha mteja na bei inaruhusu, naongeza vitatu vya boksi langu, kila kimoja na karatasi yake: kilitoka mashine gani, ndani ngapi, nje ngapi, uzi gani. Hilo boksi ni mali kuliko rafu yangu nzima ya mbele.

Kuna vitu viwili siuzi kwa kukisia hata uniongezee bei. Kimoja ni viungio vya upepo wa breki za malori. Mnaijua milima yetu. Kiungio cha plastiki cha kompresa ya gereji kikikaa kwenye breki kinaweza kushika vizuri kabisa mpaka siku ya mteremko. Namwelekeza mtu kwenye duka la vipuri vya malori, anunue cha breki. Kingine ni mpira wa gesi ya kupikia na viungio vyake. Anunue kilichotengenezwa kwa gesi, basi. Hapo "sina" yangu ni nzima, na silali na mawazo.

Yule mzee nilidhani nimempoteza. Msimu uliofuata simu ikaingia: picha ya kiungio, kimelala juu ya rula, na maandishi: "Ndani kumi. Nimepima. Nawe pima."

Nilipima. Sikuwa nacho, nikamwambia sina, nipe siku nne. Akasubiri.

Ndugu yangu, kama una stoo ya vipuri, leo jioni chukua vitu kumi tu, vipime, viandikie vipimo, halafu badilisha tangazo lako. Na kama unabishana nami kuhusu kumwambia mteja "sina", niandikie hapo chini, tubishane. Ila njoo na mfano wako, na ukiweza, njoo na rula.